Kwa wadogo zangu mlioanza kuratibu timu za mbali

Juzi mratibu mpya aliandika kwenye kundi la mradi: "Kesho saa 10 kamili, tafadhali tusichelewe." Alikusudia saa nne asubuhi ya Dar es Salaam. Mtunza stoo wetu wa Temeke akajua ni saa kumi jioni, kama ambavyo angejua mtu yeyote aliyelelewa kwa Kiswahili. Wa Berlin akaingia kwa saa kumi yake, wa Muscat kwa yake. Kikao kikafanyika na watu wawili, kisha mratibu akalalamika kwamba timu haina nidhamu.

Timu ina nidhamu. Nawapenda sana nyinyi vijana, na ndiyo maana nashindwa kunyamaza nikiwaona mnajikwaa kwenye jiwe lilelile kila mwaka.

1. Andika saa kwa mtindo wa saa 24, taja ni saa ya wapi, kisha tuma mwaliko wa kalenda ili simu ya kila mtu ifanye hesabu yenyewe. Dar, Nairobi na Kampala saa zetu ni moja na hazibadiliki mwaka mzima. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili, na Muscat wametutangulia kwa saa moja. Usiseme "saa za Kongo", kwa sababu Kongo ina saa mbili.

2. Tarehe: 2024-03-31, au andika mwezi kwa herufi. Mmarekani akiona 03/04 anasoma tarehe 4 Machi.

3. Namba: aliyesoma kwa Kifaransa au Kijerumani, 1,500 kwake ni moja na nusu. Kabla ya kutuma oda, piga simu msomeane namba kwa sauti.

4. Kimya si ridhaa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lilitugharimu.

Machi 2024 tulikuwa tunahamisha kumbukumbu za stoo za vipuri vya sola kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Angalieni mwezi ulivyokuwa. Marekani walisogeza saa zao mbele kwa saa moja tarehe 10, kama wafanyavyo kila mwaka majira ya joto yakikaribia. Ramadhani ikaingia siku hizohizo. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29, na Pasaka tarehe 31, usiku uleule Ulaya inaposogeza saa. Mimi nilichoona kwenye kalenda ni kitu kimoja tu: Jumapili ambayo Dar na Berlin wamefunga, kwa hiyo hakuna atakayesumbuliwa. Nikaichagua.

Seva yetu, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo, ilikuwa Ujerumani na ilifuata saa za Ujerumani. Tulipanga kazi mbili zijiendeshe zenyewe. Saa 02:30 usiku, kunakili salio la mwisho la kila stoo. Saa 04:00, kuwafungulia watumiaji mfumo mpya. Usiku ule, Ujerumani ilipofika 02:00 saa iliruka hadi 03:00. Saa 02:30 haikuwapo kabisa. Kazi ya kunakili haikuendeshwa, na hakuna tahadhari iliyotumwa, maana kwa seva hakuna kilichoshindikana. Saa 04:00 ikafika kama kawaida, na mfumo ukafunguka ukiwa na salio la wiki ya majaribio.

Muscat mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili walikuwa kazini, wakiwa na swaumu, kwa saa fupi za Ramadhani. Wakatoa mizigo kwa kufuata salio lile. Wakatoa betri zilizokwisha kuahidiwa vituo vya afya vingine. Walipoona mambo hayalingani wakaandika kwenye kundi, wakaandika tena, wakapiga. Sisi tulikuwa kanisani, wengine vijijini kwao, simu zimezimwa. Jumatatu ya Pasaka nayo ni sikukuu, Tanzania na Ujerumani pia. Tulipofungua kompyuta Jumanne, kulikuwa na miamala ya siku mbili ndani ya mfumo wenye hesabu zisizo za kweli, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuhesabu stoo kwa mkono, boksi kwa boksi. Walioyahesabu maboksi hayo ni watu wenye swaumu. Mmoja wao ni mzee ambaye familia yake ilitoka Unguja, na kila tunapozungumza hutangulia kuniuliza hali ya mama yangu. Siku ile pia aliuliza, ndipo akanieleza wamefika rafu gani.

Lakini kuruka kwa saa ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba mwenzetu wa Bukavu alikuwa ameliona mapema. Kwenye kikao cha mwisho cha maandalizi alifungua maikrofoni, akaanza kwa Kiingereza cha kutafuta maneno: kuna jambo kuhusu saa ya seva. Muda ulikuwa umekwisha na mfadhili alikuwa anasubiri kwenye laini nyingine. Nikamwambia tutarudi kwake. Hatukurudi. Akaenda akaliandika kwa Kifaransa, aya nzima, iliyonyooka, chini kabisa ya muhtasari wa kikao. Niliisoma Jumanne ile. Alikuwa ametaja hadi dakika.

Nilimpigia kumwomba radhi, na tulizungumza Kiswahili. Hapo ndipo roho iliniuma. Tulikuwa na lugha ya pamoja tangu siku ya kwanza, ila mimi niliiweka kando kwa sababu mkataba ulisema lugha ya mradi ni Kiingereza. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia, alinijibu kwa upole: "Niliona muko na haraka."

Kwa hiyo sikilizeni. Kwenye vikao ninavyoongoza sasa, anayetumia lugha ya kikao kama lugha yake ya tatu ndiye anayeanza kuzungumza, kabla wenye Kiingereza chepesi hawajamaliza dakika. Ajenda inatoka siku moja kabla ili mtu aandae maneno yake. Siulizi "kuna swali?" kwa sababu swali hilo halijawahi kunipa jibu. Nauliza: "Ukiangalia upande wako, nini kinaweza kuharibika?" Kisha nanyamaza. Kimya hicho kinatisha, najua, na ninyi mnakijaza haraka kwa kuchekacheka na "basi, twende mbele". Vumilieni. Na mtu akiandika kwa Kifaransa au Kiarabu, ni kazi yenu kutafuta wa kuwasomea.

5. Mtu akisema ameelewa, mwombe aeleze kwa maneno yake atafanya nini. Ujerumani na Uswisi walipojenga daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine, walijua kwamba usawa wa bahari wa nchi hizo mbili unatofautiana kwa sentimita 27, kwa kuwa mmoja anapimia bahari ya Kaskazini na mwingine Mediterania. Walipanga kuirekebisha. Marekebisho yakafanywa kuelekea upande usiofaa, na mwaka 2003 pande mbili zikaonekana kupishana kwa sentimita 54. Wote walikuwa na namba sahihi mkononi. Kujua haitoshi mpaka mmoja amweleze mwenzake: mimi nashusha, wewe unabaki ulipo.

6. Ujumbe wa sauti wa dakika saba si makabidhiano. Andika mistari mitatu.

7. Muscat utapata wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili kitamu kuliko chako. Salimianeni, ulizaneni hali za nyumbani, msiruke hatua hiyo, kwa sababu siku ya tatizo, salamu hizo ndizo zitakazomfanya mtu akupigie wewe kwanza. Ila mkikubaliana jambo la kazi kwa Kiswahili, lirudisheni kundini kwa lugha ya wote siku hiyohiyo. Nimemwona mwenzetu wa Berlin, kijana mwema, akifanya kazi wiki nzima kwa uamuzi uliokwisha kubadilishwa kwenye maongezi asiyoyaelewa. Yeye naye akikuandikia "hili halifai", bila salamu, usiumie. Msome tena kesho yake, utaona amekupa sababu tatu za maana.

8. Kikao cha usiku kizunguke. Asiwe mtu yuleyule anayeamka alfajiri kila wiki eti kwa sababu hajalalamika. Rudi namba 4.

9. Kalenda moja ya sikukuu za wote, na kila sikukuu iandikwe jina la mtu aliye zamu. Idi inategemea mwezi, hivyo weka nafasi ya siku moja mbele na moja nyuma.

10. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya wanarudisha saa nyuma, na Marekani wanafuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Safari hiyo saa hairukwi, inajirudia: 02:30 ya Berlin inapita mara mbili, na kazi iliyopangwa hapo inaweza kuendeshwa mara mbili. Kama ni ya kutuma malipo, fikiria mwenyewe. Orodhesheni kazi zenu zote za usiku, hamisheni seva kwenye saa za UTC, yaani saa ya kimataifa isiyosogezwa mbele wala nyuma, na mwulizeni mwenzetu wa Bukavu aipitie orodha kabla hamjaisaini.