Alikuja kujenga reli, au kufungua duka?

SWALI: Mhariri, sisi wa Mombasa tumekua tukiambiwa kuwa baba yake babu alitoka Gujarat akaja kujenga reli ya Uganda. Mjomba wangu naye alihamia Uingereza kwa meli mwaka 1958. Jina la mjomba nimelitafuta katika orodha za abiria zilizohifadhiwa London nisilione, na la huyo mzee sijui nianzie wapi.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mjomba wako. Orodha ulizozitazama, zilizoko katika Nyaraka za Taifa za Uingereza mtaa wa Kew, ni za meli zilizofika bandari za nchi hiyo kutoka nje ya Ulaya na Mediterania, kuanzia 1878 hadi 1960. Mwaka 1958 umo, lakini si kila aliyetoka Mombasa alishukia Uingereza. Meli za Lloyd Triestino, kama vile Africa na Europa, ziliishia Italia, na abiria aliyemalizia safari kwa treni na kivuko hakuingia katika orodha hizo. Fungua pasipoti yake ya zamani utazame mihuri: ukiona wa Italia au Ufaransa, umepata jibu. Usipouona, tafuta tena kwa jina la baba yake, maana Wagujarati wengi huandika jina lao, la baba, kisha la ukoo, na makarani mara nyingi walilichukua la katikati wakalifanya la ukoo.

Habari ya reli naipokea kwa tahadhari. Wahindi waliokuja kwa mkataba kati ya 1896 na 1901 walikuwa takriban 32,000, wengi wao wakiwa wa Punjab waliopandishwa meli Karachi, na waliobaki baada ya kazi hawakuzidi 7,000 hivi. Wagujarati waliofungua maduka kwa sehemu kubwa walijilipia nauli, wakimfuata ndugu au mtu wa kijijini kwao aliyetangulia. Sisemi wazee wako walidanganya. Reli ni hadithi tamu, na huenda mzee huyo aliwauzia wajenzi unga na sukari.

Kwa hiyo usianze na meli. Anza na karatasi inayotaja kijiji chake. Baada ya uhuru wa Kenya, watu wengi wenye asili ya Kihindi walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kuomba uraia, na karatasi za maombi hayo bado zimo katika masanduku ya nyumba nyingi. Daftari la ndoa na vifo la jumuiya yenu, na maandishi ya kaburini, navyo vyaweza kukitaja. Kisha tafuta tangazo la mirathi katika Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kuchapishwa 1899 na ambalo nakala zake nyingi sasa zinasomeka katika intaneti. Matangazo hayo hutaja jina la marehemu na mahali alipofia, kwa hiyo uwe na mwaka wa kifo mkononi kabla hujaanza kuyapekua.