Jibu: Lundo la mboji la kufundishia linanuka na halipati joto

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini lundo la mboji mnalofundishia wanakikundi, lenye wiki 3 sasa, linanuka kama yai viza na ndani ni baridi.

Anza na maji. Chukua konzi moja kutoka katikati ya lundo, siyo juu, uikamue kwa nguvu. Yakitoka matone mawili matatu, yanatosha. Yakichuruzika, limelowa mno na hewa imekosa njia. Harufu ya yai viza hutokana hasa na hilo. Ingekuwa harufu kali ya mkojo, ningesema vitu vibichi, kama majani mabichi na maganda, vimezidi.

Libomoeni lote mlipange upya: kwa kila ndoo 1 ya majani mabichi au maganda ya jikoni, ndoo 2 hadi 3 za vikavu vilivyokatwakatwa, kama mabua na majani makavu. Chini tandikeni vijiti vinene. Hujataja ukubwa wa lundo, na hilo ni jambo zito: likiwa chini ya mita 1 kwa urefu, upana na kimo, joto hutoroka hata mchanganyiko ukiwa sahihi. Lifunikeni mvua isiingie.

Chomekeni fimbo hadi katikati. Baada ya siku 3 hadi 5 ichomoeni. Ikiwa ya moto mkononi, lundo linafanya kazi. Joto likishuka, pindueni, vya nje viende ndani.

Na tafadhali, usikamue wewe huku wao wakitazama. Kila mmoja akamue kwa mkono wake, maana nyumbani hatakuwa na wa kumwonyesha.