Upe uwanja mgongo: kwa wasaidizi wapya wa bocha

Bocha ni mchezo wa kurusha au kuviringisha mipira ili ilale karibu na mpira mweupe, na wengi wa wachezaji wake hukaa kwenye kiti mwendo. Kila muhula ni yale yale. Walimu wa BTP, yaani wanachuo walio kwenye mazoezi ya kufundisha, na wa kujitolea wanafika kwenye kitengo chetu cha watoto wenye ulemavu, nyoyo zimejaa, filimbi shingoni, na kabla ya kengele ya uji wameshacheza bocha wao wenyewe huku watoto wakiwa watazamaji. Tunawapenda, jamani, ila punguzeni mikono. Haya hapa machache, yakianza na mepesi.

1. Mtoto hurushia kiunoni kabla ya mkononi. Funga breki zote mbili za kiti mwendo, msukume makalio hadi yaguse mgongo wa kiti, magoti yakunjike pembe mraba, nyayo zipate pa kukanyaga. Miguu inayoning'inia haimpi mtoto wa mtindio wa ubongo pa kujikita. Akiinua mkono tu, mwili mzima unaegemea upande. Kiti kikiwa kipana, jazeni kanga zilizokunjwa pande zote mbili za nyonga. Miguu ikiwa haifiki, wekeni tofali lililofungwa gunia. Nusu ya watoto mnaosema "hawezi kurusha" wanahitaji tofali.

2. Vifaa. Mpira wa bocha una gramu 275, mzunguko sentimita 27. Sita myekundu, sita ya bluu, mmoja mweupe wa kulengwa. Msipokuwa nayo, robo kilo ya mchele ndani ya soksi iliyokazwa vizuri inakaribia sana uzito huo. Msitie mchanga, unavuja vumbi kwenye macho ya anayerusha. Uwanja kamili ni mita 12.5 kwa 6, lakini darasa lililotolewa madawati linatosha kabisa. Kwa mtoto mwenye ualbino, au yeyote mwenye uoni hafifu, mpira mweupe juu ya sakafu ya saruji ni kama haupo: kwenye mazoezi uvalisheni kitambaa cheusi.

Mfereji, yaani njia ya mteremko ya kuviringishia mpira, wa mtoto asiyeweza kurusha ni bomba la PVC la inchi nne, urefu mita 1.5, lililopasuliwa katikati kwa urefu na kusuguliwa kingo kwa msasa. Soksi ya mchele haibingiriki humo, itakwama njiani na mtoto atadhani kosa ni lake. Tumieni mpira wa tenisi, ila ni mwepesi wa kukimbia, kwa hiyo anzeni kuuachia kwenye alama za chini. Alama ni utepe wa rangi kila sentimita 10. Na mipira ya mchele itundikeni juu. Panya wa stoo nao wanapenda michezo.

3. Kusogeza mfereji. Hapa tutakaa kidogo, maana kosa hili tumelifanya sote, na wengine bado tunalifanya tukidhani hatuonekani.

Huwa hivi. Mtoto wa daraja la BC3, la wanaocheza kwa mfereji na msaidizi, mikono haishiki, maneno hayatoki, anacheza kwa mfereji na kuusukuma mpira kwa fimbo iliyofungwa kichwani. Anakuelekeza kwa macho: kushoto, kushoto tena, hapo. Wewe unauona mpira mweupe, na unaona wazi kwamba akiachia sasa utapita pembeni. Roho inakuuma. Unajifanya unapangusa vumbi, unasogeza kichwa cha bomba upana wa vidole viwili. Sentimita 3 juu ya bomba la mita 1.5 zinakuwa sentimita 10 mpira ukifika mita 5 mbele, yaani tofauti kati ya kukosa na kugonga. Mpira unagota kwenye mweupe, watu wanapiga makofi. Sasa mtazame mtoto. Hautazami mpira. Anakutazama wewe.

Anajua. Mtoto ambaye tangu azaliwe amelishwa, amevishwa na kugeuzwa kitandani na mikono ya wengine hapitwi na mkono wa mtu bila yeye kuuhisi. Wiki inayofuata anaelekeza nusunusu. Wiki ya tatu ukimwuliza "juu au chini?" anaangalia dari. Nasi tunachukua daftari la maendeleo tunaandika: "Hana ari ya mchezo." Hana ari! Tumemnyang'anya wenyewe, tena tukichekelea, kisha kosa tukamwandikia yeye. Kibaya zaidi, tulikuwa tumeleta bocha kitengoni ili apate mahali pamoja pa kuamua jambo likatokea kama alivyoamua, au likashindikana kama alivyoamua. Uamuzi wa chakula si wake, wa nguo si wake, wa saa ya kulala si wake. Kulikuwa na mipira sita tu iliyokuwa yake, nayo tukaigusa.

Sheria za bocha zililiona hili zamani. Msaidizi wa BC3 huupa uwanja mgongo mzunguko wote. Haruhusiwi kugeuka kutazama, wala kumwambia mchezaji lolote la mchezo. Mnaisoma mkidhani ni ya mashindano tu. Itumieni tangu siku ya kwanza. Kaa mbele ya mtoto, uso kwake, mgongo uwanjani. Usichokiona huwezi kukirekebisha, na hiyo ndiyo maana yake.

Mkishaharibu, matengenezo yanaenda polepole. Kipindi cha kwanza, fungeni urefu kwenye alama moja, mtoto achague mwelekeo peke yake. Mipira ikianza kufuata mstari anaoutaka, geuzeni: mwelekeo umefungwa, yeye achague alama ya kuachilia. Vyote viwili kwa pamoja ni baadaye, maana mpira ukipotea hatajua umepotezwa na nini. Mpira ukienda kugonga ukuta, uacheni ugonge. Mzunguko ukiisha, msogezeni aone mipira ilipolala, mwulizeni swali moja tu: "Ulipitiliza au haukufika?" Kisha nyamazeni. Akifungwa 6 kwa 0, ubaoni iandikwe 6 kwa 0. Msimpunguzie.

Dalili kwamba ari imeanza kurudi si tabasamu. Ni "hapana". Unaweka bomba, anakataa. Unalisogeza, anakataa tena. Baada ya hapo msishangae hapana ikimfuata hadi jikoni, akafunga mdomo mbele ya maharage anayolishwa kila siku bila kuulizwa. Mpishi atakuja kulalamika. Mwacheni alalamike, kisha mwulizeni mtoto anataka nini.

4. Ukiuliza, hesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Jibu la mtoto mwenye mtindio wa ubongo lipo njiani. Ukirudia swali kwenye nne, unamrudisha mwanzo. Kubalianeni mapema ishara ya ndiyo na ya hapana, na kila msaidizi atumie ileile.

5. Filimbi na makofi. Wengi wa watoto hawa hushtuka kwa sauti ya ghafla, misuli inakaza, vidole vinaachia mpira kabla ya wakati. Kimya hadi mpira usimame. Na makofi ya huruma, yale ya kushangilia mpira uliodondoka miguuni, komeni nayo. Hakuna anayemshangilia mtoto wa timu ya netiboli kwa kukosa goli, na huyu anaona mnavyomtofautisha.

6. Wazazi waketi nyuma ya mtoto, si mbele. Mama akiwa mbele, mtoto atalenga uso wa mama.

7. Afya, kwa kifupi maana mlifundishwa. Mwenye mgongo wazi ainuliwe makalio kila dakika 15 hadi 30, na baada ya mchezo mkague ngozi. Wekundu usioondoka ndani ya nusu saa, asikalie hapo hadi uishe. Maputo yasimkaribie, wengi wao wana mzio wa mpira wake. Mwenye hali ya Down asibingirike kwa kichwa wala kupiga mpira kwa kichwa kabla daktari hajaikagua shingo. Ratiba ya katheta (mrija wa mkojo) haisubiri fainali.

8. Wasioona. Wanaotoka UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, mnaujua mpira wa goli: watatu kila upande, macho yote yamefungwa, uwanja mita 18 kwa 9, kamba nyembamba chini ya utepe ili mstari ushikike kwa vidole. Mpira halisi ni kilo 1.25, mzito kwa wadogo. Wa netiboli uliovikwa kipande cha sandarusi unachakarika vizuri ukiviringika. Kwenye mbio, mwongozaji akimtangulia mkimbiaji kwenye mstari wa kumalizia, mkimbiaji hutolewa. Huko Sydney mwaka 2000, Mkenya Henry Wanyoike alimaliza mita 5,000 akimvuta mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu, akachukua dhahabu. Kumbukeni hilo mnapowashika watoto mkono kuwapeleka maliwatoni wanakokujua kuliko nyie.

9. Mfukoni wekeni uzi wa kupimia. Mipira miwili ikilala karibu sawa, msikadirie kwa jicho, na hasa msikadirie kwa kumfurahisha aliyefungwa jana. Piga goti, weka uzi kutoka mweupe hadi mwekundu, kisha mweupe hadi bluu, wote wawili waone. Mara ya kwanza watakubali chochote mtakachosema. Baada ya miezi michache mmoja atakataa, atagonga meza ya kiti chake kwa kiwiko, atataka mpime upya. Pimeni upya, hata kama kengele ya chakula imeshalia.