Fundi Anajibu: Nichomelee ponti, ama nitafute otoblokani?

*Papa Fundi, jambo. Niko na Toyota Mark II ya 1998, moteri 1JZ bila turbo, gia za mkono. Jumapili tunacheza drifti (kuteleza na gari kwenye kona kwa makusudi) na wenzangu kwenye kiwanja cha udongo chenye ukuta, nje ya mji, na mwenye kiwanja ametupa ruhusa. Shida ni kwamba nikiingia kona, gurudumu moja tu ndilo linachimba udongo, kisha gari inajinyoosha yenyewe. Sudere (fundi wa kuchomelea) wa mtaani kwetu anaomba dola 40 achomelee ponti, yaani gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Otoblokani ya mitumba, ponti inayojifunga na kujiachia yenyewe, nimetajiwa dola 550. Wenzangu wanasema hata mabingwa wanafunga ponti kabisa, nisipoteze pesa. Siku za kazi mama yangu ndiye anaendesha gari hii kwenda Kasumbalesa kuchukua bidhaa. Nifanye nini?*
*Msomaji, Kampemba, Lubumbashi*

Mdogo wangu, usichomelee ponti ya gari hili. Nakuambia mapema ili usisome jibu lote ukitafuta ruhusa. Sababu umeiandika mwenyewe kwenye barua yako, pale ulipomtaja mama.

Kwanza tuone kinachokusumbua. Ponti ya kawaida, iliyo wazi, inayapa magurudumu mawili nguvu sawa, lakini kiasi cha nguvu hiyo kinaamuliwa na gurudumu lenye mshiko mdogo. Kwenye kona uzito wa gari unaegemea nje. Gurudumu la ndani linakuwa jepesi, linazunguka bure, na la nje, ambalo limebeba uzito, linaambulia nguvu ndogo ile ile ya mwenzake. Mkia unakosa cha kuusukuma, unashika ardhi, gari linanyooka. Moteri yako haina kosa. Anayekwambia uongeze turbo kabla hujagusa ponti anakuongezea udongo wa kuchimba na gurudumu lile lile moja.

Ukichomelea, satelite na planetere, gia ndogo zilizo ndani ya ponti, zinakuwa chuma kimoja, na magurudumu mawili yanazunguka pamoja daima, upende usipende. Kwa drifti ni jambo zuri: mkia ukitoka, unatoka wote, na unajua kila mara utafanya nini. Wenzako hawadanganyi kuhusu mabingwa. Katika mashindano ya Formula Drift ya Marekani magari mengi yanatumia spuli, kipande kimoja cha chuma kinachowekwa mahali pa gia hizo, na kazi yake ni ile ile ya ponti iliyochomelewa. Afrika Kusini nako, kwenye mchezo wa kuzungusha gari uliozaliwa Soweto na kutambuliwa rasmi kuwa michezo ya magari mwaka 2014, utakuta BMW E30 nyingi zenye ponti ya kuchomelea. Lakini gari la Formula Drift linaletwa uwanjani juu ya trela, na jioni linarudi juu ya trela.

Sasa fanya hesabu. Kati ya gurudumu la nyuma la kushoto na la kulia pana karibu mita 1.5. Ukigeuza gari kurudi ulikotoka, gurudumu la nje linatembea mita 4.7 zaidi ya la ndani, hata ukigeuza kwa duara kubwa au dogo, kwa sababu ni 1.5 mara 3.14. Ponti ya wazi inazimeza mita hizo bila wewe kujua. Iliyochomelewa haiwezi: tairi lisuguliwe, ama kadani (mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu) ijinyonge, ama mahali palipochomelewa papasuke. Kwenye udongo tairi linasuguliwa bila tabu, ndiyo maana Jumapili hakuna anayeona ubaya. Kwenye lami kavu gari linarukaruka kila kona ya polepole, na pua inasukumwa mbele badala ya kugeuka. Kwenye lami yenye maji ndipo penye hatari kubwa. Ponti ya wazi ikiteleza, gurudumu la ndani linazunguka bure na la nje linabaki limeshika. Ponti iliyofungwa haiachi la kushika. Mama anaongeza moto (anakanyaga mafuta) kidogo akitoka kwenye kona, mkia unaondoka, na upande wa pili linakuja lori la shaba. Wewe ungeweza kulirudisha gari, umejifunza kiwanjani. Mama hakujifunza, na hapaswi kujifunza siku hiyo.

Hata hivyo sidharau kuchomelea. Mji huu una masudere ambao wangeheshimiwa popote, watu waliojifunza kazi Gécamines, kampuni ya madini, na kwenye migodi wakirudisha ndoo za ekskaveta zilizopasuka. Siku utakapopata gari la pili, la kucheza tu, mtafute mmoja wao, si yule wa madirisha na mageti. Wa dola 40 atataka kufungua kifuniko cha ponti ikiwa bado chini ya gari na kuchomelea papo hapo. Mkatalie. Waya wa masi (unaorudisha umeme wa kuchomelea) ukifungwa kwenye bodi, umeme unapita ndani ya rulma (beringi) na kuzitoboa vishimo, na cheche zinaangukia kwenye meno ya kurone na pinio, gia kubwa na ndogo zinazoingiza nguvu kwenye ponti.

Ponti inashuka, kiini (ganda lenye satelite na planetere ndani) kinatolewa, kurone inafunguliwa na kuwekwa kando isipinde kwa joto, rulma zinatolewa. Kisha kuosha, na kuosha kweli: mafuta ya ponti yanajificha kila pembe, na yakibaki kazi inajaa mapovu. Satelite na planetere zimefanywa ngumu juu ya meno. Ukizichomelea zikiwa baridi na kuziacha zipoe kwa upepo, ukingo wa kazi unavunjika kama glasi. Kwa hiyo zipashwe moto kwanza, karibu digrii 200 hadi 250. Bageti (vijiti vya kuchomelea) ziwe za aina ya 7018, na ziwe zimetoka kwenye tanuri ya kukaushia. Sudere wa mgodini akikuuliza kuhusu tanuri kabla hujamuuliza wewe, umempata mtu. Achomelee meno kwa meno, satelite na planetere, pande zote mbili kwa zamu ili chuma kisivutwe upande mmoja, wala asitegemee kushikiza gia kwenye ganda, kwa sababu ganda ni chuma cha kumimina na hakikubali bageti vizuri. Matundu ya ndani yanakoingia kadani yabaki safi. Akimaliza, kiini kizikwe kwenye chokaa kavu au majivu makavu kipoe polepole hadi kesho yake. Halafu kila tone la chuma lisafishwe, kwa sababu tone moja likiingia kati ya pinio na kurone gari likiwa kasi, magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama.

Ukiona kazi hiyo ndefu, ujue dola 40 hazikuwa bei yake.

Kwa Mark II yako nakushauri otoblokani ya plati, aina ya 1.5. Ndani yake kuna plati (sahani bapa za chuma) zilizopangwa kwa zamu, nyingine zinazunguka na ganda, nyingine na planetere. Ukikanyaga moto, nguvu yenyewe inasukuma ekseli ya satelite ipande kwenye miteremko iliyochongwa ndani ya pete mbili. Pete zinatanuka, zinakandamiza plati, na magurudumu yanaungana. Ukiongeza moto zinaungana zaidi. Ukienda taratibu sokoni, zinaachiana kiasi cha kutosha. Aina ya 1 inaunga unapokanyaga tu. Ukiachia moto katikati ya drifti, mkia unaweza kukukatikia ghafla. Aina ya 2 inaunga kwa nguvu ile ile unapokanyaga na unapoachia, na wachezaji wengi wanaipenda kwa hiyo. Ya 1.5 inaunga kidogo unapoachia. Kwa gari lenye madereva wawili wa tabia mbili, hiyo ndiyo niliyoona inakaa vizuri.

Itapiga kelele ya kukwaruza ukigeuza parkingi. Mwambie mama mapema asiogope. Weka mafuta ya gia ya GL-5 yaliyotengenezwa kwa otoblokani ya plati, na yabadilishe mapema baada ya mazoezi ya kwanza, kwa sababu plati zinaachia unga wa chuma. Plati zinaisha, ndiyo, lakini zinabadilishwa.

Kabla hujatoa dola 550, ifunge kwenye gari la muuzaji na uipime: gurudumu moja chini, moja juu, gia huru, kisha zungusha la juu kwa ufunguo wa kupima nguvu. Likizunguka kwa mkono bila kupinga, plati zimekwisha, na bei lazima ishuke kiasi cha kununua plati mpya. Hesabu pia meno ya kurone na ya pinio, na meno ya ndani yanakoingia kadani. Mark II za moteri tofauti hazina ponti za ukubwa mmoja. Wakati unakusanya pesa, endelea kiwanjani na ponti yako ya wazi. Freni ya mkono na kuhamisha uzito wa gari havihitaji otoblokani.

*Papa Fundi, nimeuziwa ponti ya Nissan Silvia S13, wanasema ni otoblokani. Kwa drifti inatosha?*
*Msomaji, Ruashi*

Nyingi za S13 zenye otoblokani ni za maji mazito ya silikoni, si za plati. Zinaunga kwa kuchelewa, na silikoni ikizeeka zinakuwa karibu sawa na ponti ya wazi. Gari la umri huo, sitegemei. Ukikuta otoblokani ya Torsen kwenye gari jingine, hiyo ni ya gia tupu, haina plati za kuisha, nzuri sana barabarani. Lakini inazidisha mshiko wa gurudumu dhaifu tu, na likiruka hewani juu ya kituta hakuna cha kuzidisha.

*Baba, nilinunua Toyota Altezza kwa kijana mmoja. Nikigeuza polepole nyuma inarukaruka na matairi yanalia. Fundi amebadilisha rulma, hali ni ile ile.*
*Mama, Katuba*

Mama, shikamoo. Mwambie fundi aache rulma. Ainue nyuma yote kwenye vigoda imara, magurudumu ya mbele yakizuiwa na mawe, gia huru, freni ya mkono imeachiwa. Azungushe gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka upande wa kinyume, ponti haijafungwa, na anitumie maelezo zaidi. Likifuata upande ule ule papo hapo, bila kulegea hata kidogo, kijana aliyekuuzia huenda alichomelea. Afungue ponti aone kwa macho, maana otoblokani mpya ya plati nayo inaweza kufanya hivyo. Akikuta imechomelewa, usitafute wa kuikata. Nunua ponti nzima ya wazi ya Altezza yenye hesabu ile ile ya meno, na aangalie kadani zote mbili, mpira na viungo, kwa sababu zimenyongwa muda mrefu. Mvua za Novemba zisilikute bado hivyo. Kabla ya hapo, likinyesha, panda teksi.