Pete ya kigae: kwa anayeanza usonara

Vijana wanaokuja karakanani kwangu hapa Lamu huanza na nakshi. Wanataka kujua waige waridi la mlango gani. Mie huwaambia waiweke nakshi kando kwanza, watengeneze pete ya fedha yenye kigae cha kaure, yaani kipande cha sahani iliyovunjika, maana pete hiyo itawafunza moto.

Mimi mwenyewe nilivutwa na vipuli na vikuku vya bibi zetu, vyenye mkono wa Uarabuni na Bara Hindi ndani yake. Masonara wa zamani waliyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zilizoandikwa mwaka 1780 hata zikitolewa miaka mingi baadaye. Reale hiyo ina fedha asilimia 83 hivi. Fedha tunayofua leo kwa kawaida ni asilimia 92.5, iliyobaki shaba.

Haya, kazi. Sugua kingo za kigae juu ya jiwe lenye maji. Vumbi kavu la kaure linaharibu mapafu. Kizungushie ukanda wa karatasi upate kipimo, kisha kata ukanda wa fedha nyembamba, ndio utakaokuwa ukuta wa kukishika kigae. Ukiufua utakuwa mgumu na mwisho utapasuka, kwa hiyo uchome mpaka uwe mwekundu wa kufifia, halafu utie majini. Fanyia kivulini. Juani huo wekundu huuoni, na ukija kuuona fedha iko karibu kuyeyuka.

Kulehemu ukuta huo kwenye kitako, yaani bamba la fedha linalokaa chini ya kigae, ndiko kunakowashinda wengi. Wanapaka tinkali (dawa ya kuisaidia lihamu itiririke) vizuri, wanapanga vipande vya lihamu (madini ya kuungia) vizuri, kisha wanaelekeza moto pale pale kwenye lihamu. Ukuta ni mwembamba, unayeyuka kabla kitako hakijashika joto. Pasha kitako kwanza, zungusha moto, usitulie mahali pamoja. Lihamu hukimbilia penye joto. Vyote viwili vikilingana utaiona inang'aa ghafla na kuzunguka mshono wote. Ondoa moto hapo hapo.

Kusafisha fedha baada ya moto, tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Kuitoa humo tumia koleo la shaba, maana la chuma litaigeuza fedha yako rangi ya shaba.

Kigae hutiwa mwisho, moto ukishakwisha kabisa, la sivyo kitapasuka. Bonyeza ukuta upande mmoja, kisha wa pili unaoukabili, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu (ingawa Lamu magari yenyewe ya kuhesabu).

Na vigae usiende kuokota Takwa wala Shanga. Hayo ni magofu yanayolindwa, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006. Nyumba zetu hazikosi sahani zilizovunjika. Wapo wanaomwambia mgeni kila kigae kimetoka kwa Wachina wa kale; mimi sipendi mchezo huo. Mteja akiniuliza umri wa kigae, namwambia sahani ilivunjika jikoni kwa shangazi, tena huwa anacheka na kununua.