Njugu nilizila mpaka mbegu, jirani ndo akaniokoa (Newala)

Mwenye uzi kauliza ina faida gani kuhangaika na kabustani nyuma ya nyumba wakati sokoni fungu la mboga ni mia tano. Mkuu kwa hesabu ya hela uko sahihi, sikudanganyi. Mi ni fundi cherehani hapa Newala, eneo langu halizidi hatua ishirini kwa kumi na tano, na ukinihesabia muda, fungu la majani ya kunde linanitoka kwa buku. Ila ngoja nikupe kilichonikuta na njugu mawe.

Mwaka wa kwanza nilivuna kama sado mbili na nusu. Nikazianika siku mbili harakaharaka, kulikuwa na oda za sare za shule, nikazimwaga kwenye kiroba nikasukuma uvunguni. Zile nono tulikuwa tunachota tu za kuchemsha, wife akasema tutenge za mbegu nikamjibu zipo kibao. Mwezi wa kumi na moja navuta kiroba, unga unamwagika sakafuni. Nikaokota moja, ina katundu ka mviringo utadhani imepita sindano ya cherehani, nabonyeza, ganda tupu. Zote zimebunguliwa. Na huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza mwishomwisho wa mwaka mpaka mwezi wa nne wa tano hivi, ukikosa mbegu wakati huo ndo umeukosa mwaka.

Nikaenda kwa bibi jirani. Shikamoo, marahaba, nikatoa elfu tano naomba aniuzie. Akaiangalia noti akacheka, "Sasa mjukuu wangu, hiyo hela mi nikaipande wapi?" Akaingia ndani akatoka na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa njugu zimechanganywa na majivu, kizibo kimezungushiwa nailoni. Akamwaga kwenye ungo akapepeta, akaanza kuchambua mojamoja, nyeupe huku, nyekundu kule, nyeusi akaziweka kiganjani akanionyesha, hizo alikuja nazo toka kwao alipoolewa. Akanipa kopo moja. Masharti: nikivuna nirudishe kopo, na nyeusi nisizile mwaka huo hata moja.

Baada ya hapo akawa anapita uani kwangu kila wiki bila hodi, na kila akipita kuna kosa analiona. Umebananisha. Mbona hujapandishia udongo, maua haya yako chini kabisa, ua likinyauka kikonyo chake kinaingia ardhini kuzaa njugu, sasa kitaingia wapi? Wakati wa kuanika akanifundisha kuuma, ukiuma ikibonyea rudisha juani, ikipasuka kwa mlio ndo weka chupani.

Kwenye mahindi nilishakula hasara nyingine, nilinunua pakiti ya mbegu chotara yakatoka mazuri, nikatunza mbegu, mwaka uliofuata yakawa makubwa kwa madogo, mengine hata mabunzi ya kuchekesha. Chotara ndo ilivyo, kila msimu unarudi dukani. Njugu inajichavusha yenyewe, ukipanda nyeusi unavuna nyeusi. Sisemi mbegu za kitaalamu mbaya, hapo Naliendele nje ya mji wa Mtwara kuna kituo cha TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, karanga walizotoa 2009 wamezipa majina ya kwetu kabisa, Masasi, Mangaka, Nachingwea, mi naona raha tu kuyasikia. Ila kwa mtu wa mtaji kama wangu, chupa na majivu vinatosha, na ardhi hii ya kichanga ukipanda njugu mwaka huu, mwakani mahindi yakikaa palepale unaona yamekolea kijani, njugu inarutubisha udongo.

Kopo nilirudisha. Bibi akapima kwa macho akasema limepungua, nikaongeza.

Sasa cheki kilichotokea, msimu uliopita panya waliingia kwake wakatafuna chupa mbili usiku mmoja, na nyeusi zilikuwemo. Asubuhi akaja kwangu na kopo lilelile, hakukaa hata, kasimama mlangoni anaangalia pembeni. Nikamtolea, nikazichambua mbele yake, nyeusi nikamjazia kiganja. Akasema nimezianika vizuri. Miaka mitatu tangu tufahamiane, hiyo ndo sifa ya kwanza.

Kwa hiyo mkuu kama uko Newala na unataka mbegu, njoo kabla mvua hazijachanganya. Elfu tano yako baki nayo, beba kopo.