Maswali Yenu: Glavu za baridi kali, zibane au zipwaye?

Swali: Habari dokta. Nimeanza kazi kwenye maabara ya seli na karibu kila siku nafungua tangi la naitrojeni ya maji kutoa vijichupa vya sampuli. Glavu nene tulizonazo ni kubwa, zinapwaya, haziwezi kushika kitu kidogo, kwahiyo mi huwa navaa zile glavu nyembamba za mpira wa naitrili, mbili moja juu ya nyingine nafanya haraka haraka namaliza. Mwenzangu anasema ipo siku ntajuta. Sasa hivi tunaagiza vifaa vipya, nichague glavu gani, za kubana?

Jibu: Ndugu yangu, mwenzako anasema kweli na nakuomba hizo naitrili uache leo, usisubiri vifaa vipya vifike. Naitrojeni ya maji, yaani gesi ya naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrili ikiguswa na baridi ya hivyo inakakamaa na kupasuka, na hata isipopasuka ni nyembamba mno, ukishika chuma kilichotoka kwenye tangi baridi inafika kwenye ngozi palepale na glavu yenyewe inaweza kuganda ikagandamana na chuma.

Ila naelewa kwanini wengi wanaona wako salama. Umeshaona tone la maji kwenye kikaango cha moto linavyokimbia huku na huku bila kukauka? Linaelea juu ya mvuke wake lenyewe, na tone la naitrojeni likidondoka kwenye mkono mtupu linafanya hivyohivyo, ngozi yako ndo inakuwa kikaango, tone linateleza linaanguka chini na wewe husikii kitu. Mtu akishaona hivyo mara tatu nne anajua hii kitu haina shida. Shida inakuja siku kimiminika kinaponaswa, kimeingia ndani ya glavu, chini ya pete, kwenye soksi, hakina pa kutokea, kinakaa hapohapo kinagandisha nyama. Jeraha lake ni kama la kuungua na moto.

Ukilishika hilo la kunaswa utajua mwenyewe cha kuchagua. Glavu ZIPWAYE. Unatakiwa ukipunga mkono mara moja glavu iruke yenyewe bila kuvutwa na mkono wa pili. Za kubana ndo zile ambazo kimiminika kikiingia unahangaika kuvua huku unaungua. Mdomo wa glavu nao uangalie, ule mpana sana ulio wazi juu unapokea matone kama faneli, mi napendelea inayoingia chini ya mkono wa koti la maabara ili tone litelezee nje. Na ziwe kavu, glavu iliyolowa jasho au maji inapitisha baridi vibaya sana, kwahiyo agizeni pea za kutosha msiwe mnaazimana zikiwa mbichi.

Kwenye lebo za glavu nyingi utakuta alama ya theluji na EN 511 (kiwango cha Ulaya cha glavu za baridi), chini yake tarakimu tatu: ya kwanza ni baridi ya hewa, ya pili ni baridi ya kushika kitu, zote mbili zinaanzia 0 mpaka 4, ya tatu ni kama maji yanapenya, 0 au 1. Nzuri kuijua, ila msinunue kwa hiyo alama peke yake kwasababu kiwango hicho kimelenga baridi ya mpaka nyuzi 50 chini ya sifuri, na hapo wewe uko mbali sana. Muulize muuzaji kama mtengenezaji ameandika wazi kwamba hizo glavu ni za vimiminika vya baridi kali. Kama hajaandika, tafuta nyingine.

Halafu hata ile bora kuliko zote ni ya kuzuia michirizi na kushika kitu kwa sekunde chache tu. Haijatengenezwa kwa kuzamisha mkono. Kwahiyo hilo tatizo lako la vijichupa vidogo dawa yake sio glavu nyembamba, dawa ni koleo refu. Kama bajeti ni ndogo, koleo hilo liwe la kwanza kwenye orodha.

Kingine ambacho hukuuliza lakini kinaniogopesha zaidi ya mikono ni uso. Kijichupa kilichokaa ndani ya kimiminika kinaweza kuwa kimenyonya naitrojeni kidogo kupitia kwenye kifuniko, ukikitoa kwenye joto ile naitrojeni inageuka gesi, lita 1 inakuwa karibu lita 700, kijichupa kinalipuka na vipande vinaruka usoni. Nimeshawahi kukisikia kikipasuka, sauti yake haisahauliki. Miwani ya kinga inayoziba pembeni, na ngao ya uso JUU ya hiyo miwani, sio badala yake. Mkiweza hifadhini sampuli kwenye mvuke juu ya kimiminika, hatari hii inapungua sana.

Mengine kwa kifupi: aproni isiyo na mifuko, suruali isiyokunjwa chini na ipite nje ya buti isichomekwe ndani, viatu vya kufunika mguu wote, pete na saa uviache kwenye droo.

Swali: Sisi tunatumia barafu kavu tu kusafirisha sampuli. Nasi tununue hayo yote?

Jibu: Hapana. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, iko nyuzi 78.5 chini ya sifuri na hairuki kama kimiminika, glavu nene za baridi na miwani ya kinga zinatosha kwa kazi ya kawaida, na pakueni kwa koleo au kijiko kirefu. Ila msiifunge kwenye chombo kisichopumua hata siku moja, inageuka gesi na chombo kinapasuka.

Swali: Tangi letu liko kwenye kachumba kadogo hakana dirisha. Barakoa ya aina gani itatusaidia likivuja?

Jibu: Hakuna. Barakoa inachuja vumbi, haileti oksijeni. Piga hesabu: chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2 na nusu, ikimwagika lita 5 tu oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 mpaka kama 18, na vipima oksijeni vingi vinalia ikifika 19.5. Naitrojeni haina harufu wala rangi, na mwili haukushtui kwasababu ile hali ya kubanwa na pumzi inaletwa zaidi na kaboni dayoksaidi kujaa, sasa hapo unaendelea kuitoa kama kawaida, unasikia kizunguzungu kidogo afu unaanguka. Pesa mliyotaka kununulia barakoa wekeni kwenye kipima oksijeni, skrini yake iwe nje ya mlango muisome kabla ya kuingia, na muombe feni ya kutoa hewa. Mkimkuta mwenzenu ameanguka humo ndani msimkimbilie. Najua ni ngumu kusimama mlangoni unamuangalia, lakini anayeingia bila mtungi wa hewa mgongoni anaanguka pembeni yake. Bakini nje, piga kengele, ita waokoaji wenye vifaa.